Sala Ndefu Mbele ya Tanuri

Juzi baada ya ibada kijana mmoja alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona hivi vialama vyeupe vilivyotapakaa toka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Akaniuliza kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yenu, ni nini kilinipata. Nikamjibu kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi yangu, kwamba ni kazi tu. "Hospitali?" akauliza. Maskini, alidhani nilikuwa nesi kama mama yake. Nilipomwambia kwamba nilikuwa nikiyeyusha alumini na kumimina vipuri vya magari, alicheka mpaka akatafuta kiti. Basi tafuteni viti nyote, maana naona hakuna aliyewahi kuwaambia.

Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, mtaa wa Sparkbrook, hapa Birmingham, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya mkahawa wa balti, ule mchuzi wa Kipakistani. Ukifungua mlango asubuhi, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa imeshaingia kabla yako. Tulitengeneza vipuri vya hotrodi. Msijifanye mnajua hotrodi ni nini, hata mimi sikujua. Ni gari kuukuu ambalo mtu mwenye akili zake timamu hulinunua likiwa na kutu, akalikata paa, akalishusha chini, akalitia injini inayonguruma mtaa mzima, halafu akatumia miaka kumi kuling'arisha ili aliendeshe Jumapili nne kwa mwaka, kama hakuna mvua. Vipuri vya gari kama hilo hupati dukani. Lazima mtu akae na mchanga na moto akutengenezee kimoja kimoja. Mtu huyo alikuwa Mzee Derek, na baadaye mimi.

Sikuja nchi hii kumimina alumini. Nilikuja kutunza wagonjwa majumbani, kama nusu ya mama zenu. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa Maureen, mke wa Mzee Derek, waliokuwa wakikaa Balsall Heath. Derek mwenyewe alikuwa Mzungu mfupi wa hapahapa Birmingham, mwenye kikohozi na kofia ya sufu ambayo sijawahi kuiona ikivuliwa. Aliniita "bab", neno la watu wa hapa wanalomwita kila mtu, kuanzia mtoto mchanga mpaka dereva wa basi. Siku moja Maureen akaniomba nimpelekee mumewe chakula kazini, kwa sababu alikisahau. Nikaenda na kile kisahani nimekifunika. Nikamkuta amepiga magoti, anashindilia mchanga kwenye fremu ya mbao, na mimi, kwa mdomo wangu huu ambao mnaufahamu, nikamwambia mchanga wako umelowa.

Aliniangalia vile mnavyoniangalia nyinyi nikiwaambia mvae soksi. Nikachota konzi moja ya mchanga, nikaifinya, nikaikata katikati. Mchanga mzuri ukiufinya unashika alama za vidole, na ukiukata unakatika sawasawa, bila kumomonyoka na bila kuacha unyevu kiganjani. Ule wake uliniacha na kiganja chenye maji. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia baba yangu, Kisumu, sokoni Kibuye. Baba alikuwa fundi wa juakali. Alikuwa akiyeyusha pistoni kuukuu na kumimina bakuli na miguu ya cherehani, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuchekecha mchanga kabla ya kwenda shule. Mzee Derek akachukua chakula chake, akasema, "Basi kesho njoo mapema, bab." Maureen alipofariki, nikaacha kuosha watu nikaanza kuosha mchanga.

Sasa nisikilizeni, maana hili ni la maana kuliko hadithi. Adui wa kazi hii ni maji. Tone moja la maji likiingia chini ya alumini iliyoyeyuka, linageuka mvuke papo hapo na kurusha kila kitu juu. Hivi vialama mnavyoviona vyote vimetokana na kijiko kimoja nilichokisahau dirishani penye unyevu nikakitumbukiza bila kukipasha moto kwanza. Kijiko kimoja tu. Derek alinimwagia maji baridi ya mfereji dakika ishirini huku akinitukana kwa upendo, kisha akaandika kwa chokaa juu ya tanuri: PASHA KWANZA. Sikuwahi kusahau tena, na mkono wangu ulinikumbusha kila nilipofua.

Jambo la pili, alumini hunywea ikipoa. Nilipoanza, nilijiona mjanja. Mteja mmoja alileta kifuniko chake kilichopasuka, akataka kingine kama hicho. Mimi badala ya kusubiri Derek achonge umbo la mbao, nikakizika kile kifuniko chenyewe mchangani, nikapata alama safi, nikamimina. Kilitoka kizuri ajabu. Shida ni kwamba kilikuwa kidogo kuliko injini, matundu ya bolti hayakukutana hata moja. Derek akanipa rula ya chuma akaniambia nipime kitu chochote. Nikapima mkono wangu, nikaona nimepungua. Kumbe mafundi wa maumbo wana rula yao, iliyorefushwa kidogo kila inchi, ili umbo la mbao liwe kubwa kiasi ambacho alumini itanywea. Kile kifuniko changu kidogo alikitumia kuwekea misumari, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa.

La tatu ndilo lililoniponza. Alumini ni kigeugeu. Chuma kikipata moto sana kinakuonyesha, kinakuwa chekundu, kinakuwa cheupe, unajua pa kukomea. Alumini kwenye chungu inabaki na rangi yake ileile ya fedha, imetulia tu kama maziwa, na huku imeshapita kiasi. Ikipita kiasi, inaanza kunywa hewa. Unyevu wote ulio karibu, mvuke wa pumzi, inauvuta ndani. Ukiimimina na kuiacha igande, ile hewa inatafuta pa kutokea haipati, inabaki ndani kama vitundu vidogo, chini ya ngozi nzuri inayong'aa. Kwa nje huwezi kujua. Siku hizi vijana wana vipimajoto vya kila aina, na maumbo yao wanayachapa kwa mashine ya plastiki wakiwa wamekaa na kompyuta. Nawapongeza, haki ya Mungu. Lakini msichana mmoja mwenye mashine kama hiyo alinipigia simu mwezi uliopita kuniuliza kwa nini alumini yake ina vitundu, na swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa, "Uliiacha motoni ukaenda kuzungumza na nani?"

Basi niwaambie mimi nilizungumza na nani.

Mzee Derek kifua kilikuwa kimemchosha. Binti yake alimtaka aache kazi, na mkataba wa karakana ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Kulikuwa na bwana fulani aliyekuwa akizunguka kununua maumbo ya mbao ya zamani ili ayatundike kwenye kuta za mabaa na mikahawa, mapambo tu. Ukuta mzima wa karakana yetu ulikuwa na rafu za maumbo, kazi ya maisha ya Derek, na bwana yule alishakuja mara mbili kuyapiga picha. Bila maumbo hakuna karakana. Mimi niliyataka yale maumbo, na nilitaka mlango ule uendelee kufunguliwa, na niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika nchi hii. Derek alilijua hilo. Akaniambia, "Bab, kuna hedi mbili za Colin. Mimi siji wiki hii. Zimimine peke yako. Ijumaa nitazipima. Zikishika maji, nakuachia kila kitu. Zisiposhika, nampigia simu yule bwana wa mabaa."

Colin alikuwa mteja wetu kutoka Sutton Coldfield, mtu mpole, mwenye gereji kubwa kuliko nyumba yangu. Hedi ni ile silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini. Ndani yake mna njia za maji ya kupoza injini, na hizo njia huzipati mpaka uunde viini vya mchanga, uvioke jikoni viwe vigumu, uvipange ndani ya kalibu, ile fremu ya mchanga, kisha baada ya kumimina uvipondeponde uvitoe. Viini vya hedi mbili vilinichukua siku mbili na nusu. Sikuwa na nafasi ya kufanya hivyo mara mbili kabla ya Ijumaa, na hilo nililijua toka mwanzo.

Kosa langu ni kwamba niliwaambia watu wa ushirika wetu. Mnawajua. Nilitaka waniombee tu, kila mtu nyumbani kwake. Jumatano saa nane mchana, chungu kiko motoni, nimebakiza dakika tano nimimine, nikasikia mlango unagongwa. Mchungaji, na akina mama kumi na wawili, wamevaa mpaka vilemba, mmoja amebeba keki. "Mama, hatuwezi kukuacha peke yako siku kama ya leo," Mchungaji akasema. "Tumekuja kuiweka wakfu karakana."

Semeni nyinyi, ningefanyaje? Nilimwambia, "Mchungaji, kwa ufupi tafadhali, moto hauningoji." Akasema bila shaka. Akafumba macho. Akaanza na Birmingham, akaiombea. Akaja kwa Sparkbrook. Akaombea serikali mbili, ya hapa na ya Kenya, na ya Kenya ikachukua muda wake. Tanuri lilikuwa likinguruma, naye akapandisha sauti alishinde. Akina mama nao wakapandisha. Nilifumbua jicho moja nikaangalia chungu, kimetulia tuli. Mwenyewe nilijua ile rangi haisemi kweli. Mkono wangu ulikuwa futi mbili tu kutoka kwenye kifungio cha gesi. Lakini jamani, nani atazima moto Mchungaji akiwa katikati ya kukemea roho ya kushindwa? Nilikaa hivyo, macho yamefumbwa, nikisema amina kwenye kila kituo nikitumaini ndicho cha mwisho. Alipomaliza nilikuwa nimetota jasho.

Hapo bado ningeweza kujiokoa. Fundi mwenye adabu angezima moto, angeiacha alumini ipoe, angeimimina iwe vipande na kuanza upya kesho yake. Viini vilikuwa bado salama ndani ya kalibu. Lakini akina mama walikuwa wameshatoa simu kurekodi, ati wapelekee watu nyumbani waone Gladys anavyofanya kazi ya wanaume. Nikaona aibu. Nikachukua chungu, nikamimina. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, mwenye mkahawa alitoka jikoni kuuliza nani anaoa.

Miaka mingi baadaye nilimweleza Mchungaji yaliyotokea. Akaniuliza, amenuna, "Kwa hiyo unasema Roho alikuwa mwingi kupita kiasi?" Nikamwambia, "Hapana, Mchungaji, nasema gesi."

Alhamisi asubuhi nikavunja kalibu. Hedi zimetoka nzuri, mapezi ya kupozea joto yamenyooka, ngozi laini. Nikaanza kukata ule mdomo wa juu ambao alumini huingilia. Pale kwenye mkato nikaviona vitundu, vingi, kama ndani ya mkate. Nikakaa chini sakafuni kwenye mchanga, nikalia. Sikuwa nalia kwa ajili ya Colin, niwe mkweli. Nilikuwa nalia kwa ajili yangu.

Sasa, kuna dawa moja nzito, kama maji yaliyochanganywa na gundi, tuliyokuwa tukiitumia kugandishia viini. Ukiimimina ndani ya kipuri chenye vitundu, ukakizungusha, ukakimwaga, ukakioka, inaziba. Hata Derek alikuwa akiitumia mara mojamoja, si haramu. Lakini alikuwa na sheria moja na aliirudia mpaka ikanichosha: ukiziba, sema umeziba. Mteja aamue mwenyewe kama anakitaka.

Nikaziba. Sikumwambia mtu.

Ijumaa Derek akaja na kikohozi chake. Tulikuwa na bafu kuukuu la bati tulilolijaza maji. Unaziba matundu yote ya hedi, unaizamisha, unapuliza hewa ndani, na kama kuna penye kuvuja utaona mapovu. Tukazamisha ya kwanza. Hakuna hata povu moja. Tukazamisha ya pili, hakuna. Nilikuwa nimeshika ukingo wa bafu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Derek akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaiangalia kwa muda mrefu. Akaingiza kidole gumba kwenye njia ya maji, akakipitisha, akakitia mdomoni. Kisha akasema, "Nzuri. Weka birika, bab." Tulipomaliza chai akaniwekea funguo mezani.

Nilifurahi? Nilifurahi. Nisiwadanganye kwamba sikulala. Nililala fofofo. Nilichapisha kadi zenye jina langu, nikapaka mlango rangi ya kijani. Derek alikuwa akija siku mbili kwa wiki kukaa kwenye kiti chake na kunikosoa.

Miezi saba baadaye Colin akaingia na hedi moja kwenye boksi. Ile dawa ikipikwa na maji ya moto miezi na miezi, inalainika. Injini yake ilikuwa imechemka barabarani na kuharibika vibaya. Hakuja kwa fujo, heri angepiga kelele. Aliitoa hedi akaiweka kwenye benchi taratibu, akauliza, "Hii ilimiminwa na nani?"

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema neno, Mzee Derek akajibu kutoka kwenye kiti chake: "Mimi, Colin. Nilimimina mimi. Macho yangu siku hizi siyo. Gladys atakutengenezea nyingine, bure." Colin akamtazama kwa huruma, ile huruma mbaya anayopewa mzee. Akampiga begani akaondoka. Na mimi bado nimeshika ufagio.

Alipotoka nikamwambia, "Mzee, ulijua." Akasema, "Ile dawa ina ladha ya sabuni, bab." Nikamuuliza kwa nini basi alinipa funguo. Akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Nilidhani utaniambia kabla ya Jumamosi," akasema. "Kisha nikadhani utaniambia Jumatatu. Nikangojangoja." Nikamuuliza kwa nini amejitwika mzigo wangu. "Mimi naondoka kwenye kazi hii. Wewe ndiyo kwanza unaanza, halafu hawa jamaa hawajawahi kununua kwa mwanamke. Wakisikia hili hawatarudi." Akavuka mlango, akaenda zake nyumbani kwa mguu. Na mimi, wanangu, nikamwacha aende. Nilijiambia ni uamuzi wake.

Nikamimina hedi mpya za Colin, safari hii kwa adabu zote, nikampelekea mwenyewe Sutton. Alinishukuru. Akasema ni bahati Derek alikuwa na mimi, maana mzee ameisha. Nikapanda basi nikarudi Sparkbrook.

Habari kwamba Derek ameisha zikazunguka. Watu wa hotrodi ni wachache nchi nzima na wote wanajuana. Nilikuwa na kawaida ya kupita kwa Derek kila Jumapili baada ya ibada na chapati zangu. Zamani ulikuwa huwezi kumaliza sentensi mbili naye kabla simu haijalia. Mtu wa Coventry anauliza mchanga gani, mtu wa Wales anauliza joto kiasi gani, na Derek amesimama ukumbini na simu, anachora umbo hewani kwa mkono kama vile mtu wa upande wa pili anamwona. Kiangazi kile simu haikulia. Jumapili ya kwanza sikulitia maanani. Ya tatu nikaanza kuisikiliza. Alikuwa amehamisha kiti chake kutoka sebuleni akakiweka ukumbini, karibu nayo. Nikamuuliza kwa nini anakaa kwenye baridi ya mlango. Akasema pale anapata hewa nzuri. Binti yake alinivuta jikoni akaniambia, "Amenituma jana nipige namba yetu kwa simu yangu, tuone kama laini imekatika."

Nilitembea kutoka Balsall Heath mpaka kwangu siku hiyo, sikupanda basi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimewahi kuona aibu nyingi. Mtu aliyenifundisha kazi alikuwa amekaa mlangoni anangoja simu, na mimi ndiye niliyeikata. Nikajua pia kwamba nikisema kweli, huenda nikafunga mlango wangu wa kijani. Usiku kucha niliyapima haya mawili. Asubuhi bado nilikuwa naogopa, ila nilikuwa nimeshachoka na nafsi yangu.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mkusanyiko wao, uwanja mzima umejaa hotrodi, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti anayetangaza magari. Nikamtafuta Colin kwanza, kwa sababu yeye ndiye niliyemkosea. Nikamweleza yote pale kando ya gari lake, toka sala mpaka sabuni. Akageuka mwekundu. Akawa anafuta taa ambayo tayari ilikuwa safi. Kisha akasema, "Mimi nimewaambia watu zaidi ya hamsini kwamba Derek amekwisha. Siwezi kuwazunguka wote." Akaangalia upande wa kipaza sauti. Nikaelewa.

Sijui kama mmewahi kusikia sauti yenu wenyewe ikirudi kutoka mwisho wa uwanja. Kiingereza changu chote kilinikimbia, nikabaki na kile cha Kisumu. Nikasema jina langu. Nikasema hedi za Colin zilizoharibika nilizimimina mimi, peke yangu, alumini ikiwa imepita kiasi, nikaona vitundu nikavificha. Nikasema Derek hakuwa hata ndani ya jengo, na aliposema ni yeye alikuwa ananifichia aibu. Nikasema macho yake ni mazima na ulimi wake ni mzima zaidi. Nikamrudishia yule bwana kipaza sauti chake. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walinipisha njia, wakatazama magari yao. Wawili waliokuwa wameniagizia kazi walinifuata mpaka kituo cha basi kuniambia, kwa heshima kabisa, kwamba wangependa kusubiri kwanza. Nikawaambia wana haki.

Jumatatu nikaenda kwa Derek na funguo mfukoni. Niliona ni heri nimrudishie mwenyewe kabla hajaniomba. Binti yake akafungua mlango, akaweka kidole mdomoni. Derek alikuwa amesimama ukumbini, kiti kimesukumwa kando, simu sikioni, mkono mwingine unachora umbo hewani. "Ameanza toka saa mbili asubuhi," binti akaninong'oneza. "Akiiweka chini inalia nyingine."

Nikakaa jikoni. Nikaweka funguo mezani, nikazisogeza karibu na sukari, nikazirudisha katikati. Nilimsikia akicheka, akikohoa, akimgombeza mtu wa Wales. Nilikaa pale saa nzima nikingoja zamu yangu ya kugombezwa, na machozi yananitoka, na sikuwa na haraka.

Mwishowe akaja mpaka kwenye mlango wa jikoni, waya wa simu umenyooka nyuma yake, kiganja kimeziba kinywa cha simu. Akaziona funguo.

"Huyu anataka hedi mbili," akasema. "Nimemwambia karakana iko wazi. Sasa anauliza ni nani atakayemimina."

Alikuwa ananitazama, anangoja.

"Mimi," nikasema. "Mwambie ni mimi."